Siku Tatu Hakuiba Nyumba

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mkate, nyuma ya mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, aliposema kwa sauti ya kutosha foleni nzima kusikia: "Siku Tatu alishakufwa. Jana, ku hospitali." Aliyekuwa anauza akauliza, "Siku Tatu mwenye alikuwa mu televizyo?" Mama akakubali, "Njo yeye. Mwenye alifukuza rafiki yake na kubakia mu nyumba yake." Watu wawili watatu wakatikisa vichwa, mmoja akacheka kidogo, na foleni ikasogea. Mimi nilikuwa na la kusema, tena nimekuwa nalo kwa miaka mingi, lakini nilinunua mkate wangu nikaenda zangu. Wasomaji wa siku nyingi wananijua kuwa si mtu wa kunyamaza. Katika ukurasa huu nimegombana na wauza saruji, na madereva wa malori, na hata na padri mmoja aliyepiga kengele kabla sijaamka. Siku hiyo nilinyamaza.

Kama ilivyo desturi yangu, sitataja jina la mtu. "Siku Tatu" halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mji. Vijana wa leo wanaoshinda na simu mkononi hawajui kwamba Kolwezi iliwahi kuwa na mchezo wake wa televisheni, wenye kusemwa kwa Kiswahili chetu cha hapa hapa. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja na kamera moja. Kila Jumamosi, jua likiwa bado juu, mwenye televisheni alifungua madirisha ya sebule yake, na majirani wakajaa ndani na nje. Hadithi ilikuwa nyepesi: bwana na bibi yake, tuwaite Tata, yaani baba, na Mama kama walivyoitwa na wote, na rafiki wa bwana aliyekuja na sanduku lake akisema atakaa siku tatu tu, mpaka apate kazi. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, rafiki bado yuko, anaoga wa kwanza asubuhi na kuuliza kama chai iko na sukari.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, kijana mwenye kujisikia, na hadithi za kila juma niliziandika mimi. Tulirekodia nyumbani kwa Tata mwenyewe, katika nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya migodi, kwenye barabara ya kwenda Kingamyambo, kwa kuwa studio haikutosha hata meza ya kulia. Tata alikuwa fundi umeme wa kampuni. Mama alikuwa mke wake wa ndoa, na hilo lilitokana na shida. Tulitafuta mwanamke wa kucheza mke wake tukakosa kabisa, maana mume gani wa Kolwezi angekubali bibi yake aitwe bibi ya mtu mwingine mbele ya mji mzima? Mwishowe Tata akasema, "Basi tutwae wangu. Huyu anajua kunigombeza bila kufundishwa." Na kweli hakuhitaji kufundishwa. Siku Tatu alikuwa karani kwenye ghala la kampuni, mtu wa familia iliyotoka kaskazini ya Katanga, mkoa wetu huu huu, Mprotestanti, mwimbishaji wa kwaya, mpole hata ukadhani hajui kukasirika. Tata na Mama walizaliwa hapa hapa, lakini wazazi wao waliletwa zamani kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi za migodi na reli. Nalitaja hilo la Kasai kwa sababu ya yatakayofuata. Wakati ule hakuna aliyelitaja, na mimi mwenyewe sikumbuki kuwahi kuliwaza.

Mji uliamini mchezo ule kupita kiasi. Siku moja Siku Tatu alikwenda sokoni kununua sombe, majani ya muhogo. Mwanamke muuzaji alipomwona akafunika beseni lake na kitenge. "Weye sikuuzishi," akamwambia. "Kwanza utoke mu nyumba ya benyewe." Siku Tatu akamweleza kwa upole kwamba ule ni mchezo tu, yeye ana nyumba yake na analipa kila kitu chake. Muuzaji akamkazia macho. "Na ile samaki ya batoto mwenye ulikula juzi, nayo ilikuwa mchezo? Mi nilikuona na macho yangu mawili." Akarudi bila sombe, akatusimulia huku akifuta machozi ya kucheka. Juma lile lile wanawake wa mtaa walimwendea Mama kumshauri amfukuze yule mtu, tena poso ya kampuni, ule unga wa kila mwezi, ilihesabiwa kwa vichwa vya familia, na kichwa chake hakimo. Mama akawakaribisha, akawasikiliza vizuri, akawaahidi atajaribu. Siku Tatu alikuwa chumba cha pili, amejiziba mdomo na mto.

Tulikuwa na namna yetu ya kufanya kazi, na naomba msomaji aifahamu. Hatukukariri maneno. Niliandika karatasi moja ya kila mchezaji, nikaeleza kisa, wakasema kwa kinywa chao. Lakini kila juma nilificha jambo moja: karatasi ya mmoja ilikuwa na sentensi ambayo wenzake hawakuambiwa, ili kamera ikamate nyuso zao zikishtuka kwa kweli. Mara moja nilimwandikia Siku Tatu atangaze mezani kwamba mchumba wake naye anakuja kukaa, na kwamba ameshamwambia alete vyombo. Mama, ambaye hakujua lolote, aliweka sufuria ya bukari, ugali wetu, chini, akavua aproni, akatoka nje akavuka barabara mpaka kwa jirani, na mshika kamera akamfuata mbio na waya ukiburutika nyuma yake. Mji ulizungumza kisa kile mwezi mzima. Nilisifiwa, na sifa zilinilevya. Nikajiona mtu anayejua mahali pa kumgusa mwenzake mpaka alie.

Katikati ya miaka hiyo Tata na Mama walifiwa na mtoto wao wa kwanza, msichana, kwa surua. Tulisimamisha mchezo. Siku Tatu ndiye aliyeshuka kaburini kulipokea jeneza, maana lilikuwa dogo, na aliona si vizuri lishushwe kwa kamba. Tulipoanza tena kurekodi, ilikuwa Mama aliyesema tuanze. Alisema nyumba imekuwa kimya mno.

Halafu kampuni ikaanza kulegea. Poso ilichelewa, ikapungua, ikakatika. Mashine tulizozoea kuzisikia mchana kutwa zikazimwa moja baada ya nyingine, na wanaume wenye ofaroli safi wakaanza kukaa vibarazani asubuhi bila cha kufanya. Mtu mwenye njaa hutafuta wa kumlaumu, na wakubwa wa siasa wakamletea. Kwenye mikutano na redioni ilisemwa kwamba watu wa Kasai ndio waliokula kazi zetu, na kwamba warudi kwao. Walioambiwa warudi kwao walikuwa wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, wamezika hapa, na huko kwao wengi hawajawahi kukanyaga. Mimi huwa najiuliza, na sijapata jibu la kuniridhisha, kama mchezo wetu ulikuwa na mkono katika hayo. Miaka mizima tuliuchekesha mji kwa mtu anayekula nyumbani kwa wengine bila haya, na barua za watazamaji zilikuwa na neno moja: mumufukuze. Mji ukajifunza kulisema neno hilo huku ukicheka. Wakati wa kulisema bila kucheka ulipofika, lilikuwa limeshakaa kinywani. Labda najipa ukubwa ambao sina, na wangefukuza tu, tuwepo tusiwepo. Lakini nilikuwa nasikia sauti zao mitaani, na mtindo wa kupiga kelele ulikuwa ule ule wa Jumamosi madirishani.

Vijana wa mtaa walipita na orodha. Nyumba ya mtu wa Kasai ilichorwa mkaa ukutani, na aliyechelewa kutoka alipigwa. Akishaondoka, nyumba iliingiliwa siku ile ile: milango, madirisha, bati, mpaka nyaya za umeme zikang'olewa ukutani. Nyumba ilisalimika kwa njia moja tu, nayo ni mwenyeji wa Katanga aingie papo hapo, watu wote wakiona kwamba ameitwaa yeye. Maelfu walikuwa tayari wamelala gare, kwenye stesheni ya reli, na shuleni karibu na gare, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Watoto walikuwa wanakufa pale kwa kuhara. Nyumba ya Tata ilichorwa mkaa siku ya Alhamisi.

Alasiri hiyo Tata alikuja kwangu na Siku Tatu. Wazo lilikuwa la Tata. "Tufanye ya mwisho," akasema. "Weye mwalimu, uandike. Huyu akuye atufukuze, bote bakiangalia. Kama ni yeye njo anatwaa nyumba, hakuna mwengine ataikamata. Na shiye tutafika ku gare bila kupikwa fimbo. Bintu ikitulia, tutarudia." Siku Tatu alikataa. Akakataa tena. "Mi siwezi kukufukuza, hata kwa mchezo," alisema, akiangalia sakafu. Tulikwenda wote nyumbani kwao, Mama alikuwa anafunga vitu, na mumewe alipomwambia kuwa rafiki hataki, alijibu bila kugeuka: "Alikula bukari yangu miaka yote ile. Leo afanye kazi." Ndivyo Siku Tatu alivyokubali. Tukapanga nani atasimama wapi, godoro lipi litupwe nje, tusi lipi lisemwe. Mama akasema asitukaniwe mama yake mzazi, mengine yote sawa. Usiku huo, kama kawaida, nikaandika karatasi zangu.

Asubuhi vijana walikuja, na nyuma yao mtaa mzima. Siku Tatu alikuwa ameshasimama mlangoni. Alipiga kelele ambazo sikujua kama anazo. Akatupa godoro, akatupa kiti, akasema nyumba sasa ni yake, wamekula ya kutosha, watoke. Watu wakapiga makofi. Lakini kiongozi wa vijana, mtu mwenye rungu na miwani ya jua, hakupiga makofi. Alitazama huku na huku, kisha akasema, "Muko munaigiza. Hawa ni bantu yako ba televizyo. Shiye tunabajua." Makofi yakakoma. Akainua rungu lake, wale wa mbele wakaanza kusogea, na Tata akamvuta mtoto wao mdogo nyuma ya mgongo wake. Siku Tatu akalitazama lile rungu. Akamgeukia Mama, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia: "Na mutoto wenu mwenye mulizika hapa, mwende mumufukule mumubebe. Hatutaki alale mu udongo yetu."

Hakuna aliyecheka. Mama aliangusha furushi alilokuwa amebeba kichwani, na hakuinama kuliokota. Tata alimtazama rafiki yake kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Yule mwenye rungu akaliteremsha rungu, akawaambia wenzake, "Baache bapite." Njia ikafunguka. Walipita katikati ya watu, mume, mke na watoto watatu, na hakuna aliyewagusa. Mimi nilibeba furushi. Nyuma yetu Siku Tatu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imening'inia, na mtu mmoja alikuwa anampiga bega kwa furaha.

Gare, tulipokwisha pata nafasi ya kutandika mkeka kati ya familia mbili, Mama alinishika mkono wa shati. "Mwalimu," akasema, "ile ya mutoto hatukuipanga." Nikasema hapana, hatukuipanga. "Basi ilitoka mu roho yake. Ilikuwa mule siku yote." Tata akamwambia amwache, yule alikuwa na woga, mtu mwenye woga husema chochote. Lakini alisema hivyo bila nguvu. Nilikuwa na nafasi ya kumjibu Mama. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, uso kwa uso. Nikakaza kamba ya furushi ambayo ilikuwa imekazwa tayari, nikaaga.

Walikaa gare majuma mengi, halafu treni ikawachukua kupitia Tenke mpaka Kamina, na Kamina treni ikakaa tena. Huko Tata aliugua akafa. Walimzika kando ya reli, na Mama akaendelea na watoto watatu mpaka Mwene-Ditu, kwa ndugu ambao hakuwajua. Nilipata habari hizo kwa barua yake fupi, na ndani yake kulikuwa na mstari mmoja ambao bado nauona: kwamba bwana yake hakufa kwa kuhara, alikufa kwa maneno yale.

Siku Tatu akabaki na nyumba. Chumba cha Tata na Mama alikifunga kwa kufuli, akalala chumba kidogo cha nyuma. Alipooa na watoto kuzidi, kufuli lilifunguliwa, maana watoto hawalali juu ya paa, na watu wakasema, mnaona, alikuwa anangoja tu. Kampuni ilipoamua kuwaachia nyumba wale wanaokaa ndani yake, hati ilitoka kwa jina lake, na watu wakasema tena. Kwaya ilimwomba apumzike kuimbisha. Alimwandikia Mama mara nyingi kwamba nyumba ni yake, aje aichukue au aseme iuzwe apelekewe chake; hakujibiwa. Kamera ya kituo iliibwa, mchezo ukafa, na jina Siku Tatu, ambalo zamani watoto waliliita kwa kicheko, sasa liliitwa nyuma ya mgongo wake. Hakuwahi kujitetea. Mimi nilipewa ukurasa huu wa gazeti, nikawa mtu mwenye maoni.

Mama alirudi Kolwezi mara moja tu, hali ilipotulia, kuja kuona kaburi la mtoto. Alifikia kwangu. Nilimpeleka makaburini, na kaburi lilikuwa limepaliliwa, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Akauliza, "Nani anatunza?" Nilimjua anayetunza, nilimkuta pale zaidi ya mara moja na jembe lake. Nikasema, "Watu wa hapa." Mchana wake Siku Tatu alifika getini kwangu, hati ya nyumba mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuingia. Mama alikuwa barazani, akamwona, akaniambia mimi kwa sauti ya kumfikia yeye: "Umwambie mi sililii nyumba. Sauti yake njo sitaki kusikia tena." Siku Tatu aliinamisha kichwa kama anasalimia, akageuka.

Nilimkimbilia barabarani. Nilimwambia nimechoka, leo leo nitarudi ndani nimweleze Mama ukweli. Na ukweli, msomaji, ni huu, ingawa pengine umeshaujua: maneno ya mtoto hayakutoka moyoni mwa Siku Tatu. Yalikuwa kwenye karatasi yake, chini kabisa, kwa mwandiko wangu. Niliandika: wakikosa kuamini, sema hivi. Nilitafuta usiku ule mahali ambapo Mama angeumia zaidi, nikapapata upesi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoizoea, na nilimficha kama nilivyomficha kila juma, ili uso wake uwe wa kweli. Siku Tatu aliposoma alikuja kwangu alfajiri akasema neno hili hawezi. Nikamwambia, basi usiliseme isipokuwa wakiinua rungu.

Pale barabarani alinisikiliza, kisha akasema polepole: "Uache. Weye uliandika, lakini kinywa ilikuwa yangu. Ningeweza kunyamaza. Bangetupika na rungu shiye bote, lakini ningeweza." Akaikunja hati akaiweka mfukoni. "Tena ukimwambia, atabakia na nani hapa Kolwezi? Kwako njo mahali ya kulala akikuya kuona mutoto wake. Mi alishanipoteza. Asikupoteze na weye." Ndivyo alivyosema, na nilikubali haraka mno. Nilirudi ndani nikamkuta Mama anachambua mchele, akaniuliza alitaka nini. Nikasema, nyumba tu.

Tangu siku ile nimeandika juu ya barabara mbovu, bei ya unga, wachimbaji wadogo wanaofukiwa mashimoni, vijana wasioamkia wakubwa. Nimewafundisha watu adabu kila juma. Neno "mwizi" lilipotajwa msibani au sokoni juu ya Siku Tatu, nilikuwa na njia zangu za kuondoka: nimesahau miwani, nina mgeni nyumbani. Nilijiambia ni yeye aliyeniomba, na ni kweli aliniomba. Lakini aliniomba kwa ajili ya Mama, nami nikaitumia kwa ajili yangu. Katika ile miaka tuliona watu wakiwafukuza majirani zao kwa mikono yao, na hao tunawajua na tunawalaani. Wapo na wale ambao hawakuinua mkono, waliowapa wenzao maneno ya kusema, wakakaa nyuma na mikono safi. Mimi ni mmoja wao, na nadhani katika mji huu tuko wengi.

Jana tulimzika. Watu hawakuwa wengi. Baada ya mazishi binti yake mkubwa, mwalimu kama nilivyokuwa, alinivuta kando ya turubai. "Mwalimu, weye ulikuwa pale," akasema. "Nataka unijibu sasa, bantu bote bako hapa. Baba yangu aliiba hii nyumba?" Nilimjibu, na nilimjibu kwa sauti, mpaka wazee waliokaa kwenye viti wakageuka. Nilisema hakuiba, alipewa ailinde, na yale maneno ambayo mji umemshikia mpaka kaburini niliyaandika mimi. Binti hakulia wala hakunishukuru. Aliuliza namba ya simu ya Mama, akaniambia nipige mbele yake.

Nikapiga. Mama sasa ni mzee, husikia kwa shida, ilibidi nirudie mara mbili: kwamba Siku Tatu amefariki, na kwamba ile ya mtoto ilikuwa yangu. Nikasikia kuku upande wa pili. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua: "Mwalimu, ulikuwa unangoya afwe kwanza?" Akakata, na sijui kama atakuja tena kuona kaburi, wala atalala kwa nani akija.

Nimeambiwa safu ya kumbukumbu hufungwa kwa funzo. Langu ni fupi na limenifikia nimechelewa: kama kuna mtu anayelaumiwa kwa jambo lako, usimwandikie vizuri akishazikwa, msafishe jina leo, angali anaweza kukusikia. Mimi nilikuwa na ukurasa mzima kila juma wa kufanyia hivyo. Binti yake ameniambia kwamba baba yake alinunua gazeti hili kila lilipotoka, hata miezi ambayo nyumbani hapakuwa na sukari, na kwamba alikuwa anaanza na ukurasa huu.